Hautarudi

Neno lenyewe lilikuwa moja, na lilisemwa na nesi aliyekuwa anakimbilia chakula cha mchana. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha wodi, shati limefungwa vifungo vya juu tu kwa sababu ya plasta za tumboni, mfuko wa nguo uko mapajani. Nesi alimpa kadi, akamwonyesha dawa za kumeza, halafu akamgusa bega. "Wameondoa sehemu yote iliyokuwa mbaya, mzee. Mungu akijalia, hautarudi." Akaenda zake. Fundi akalichukua neno hilo akarudi nalo nyumbani, na kwa zaidi ya mwaka mmoja nyumba nzima ikaishi kwalo.

Hakuna aliyetilia shaka, maana hata kovu lenyewe halikuwepo la kueleweka. Watu wakisikia mtu amekatwa utumbo, wanategemea kuona tumbo limefunguliwa toka juu mpaka chini. Fundi alikuwa na matundu manne tu, matatu madogo, na moja la ubavuni lenye urefu wa kidole, ambapo kipande cha utumbo kilitolewa. Mpangaji wa chumba cha mwisho, mama mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu za wazi, aliomba aonyeshwe, akaonyeshwa, akasikitika kama mtu aliyepunjwa. "Mimi jipu tu liliniachia kovu kubwa kuliko hilo," alisema. Toka siku hiyo ugonjwa ukawa mdogo. Ukapimwa kwa kovu lake, ukaonekana si kitu.

Tena ulikuwa hauitwi jina lake. Ndani ya vyumba vyao viwili vya kupanga hakuna aliyetamka saratani. Walisema ugonjwa, au wakasema ule.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja cha kando ya barabara, kimejaa sponji, mbao na vumbi la vitambaa vya zamani. Alikuwa akivalisha makochi na viti, na mwezi ule, mwaka na ushee toka upasuaji, alikuwa na kazi kubwa kuliko zote za karibuni, viti vya ukumbi mzima wa mikutano, vya kuvuliwa kitambaa kilichochakaa na kuvalishwa kipya chekundu. Mkewe, Mwalimu, alimpitia akitoka shuleni na mfuko wa daftari za darasa la nne, kama ilivyokuwa kawaida yake. Walikuwa wanaitana hivyo, Fundi na Mwalimu, hata wakiwa wawili chumbani.

Fundi alikuwa ameegemeza tumbo kwenye kiti kilichopinduliwa juu ya meza ili kisicheze, huku akivuta kitambaa kwa mkono mmoja na stepla iko mkono wa pili. Ghafla akaacha kuvuta. Hakulalamika, alishusha pumzi tu, akasogea nyuma.

"Nini?" Mwalimu akauliza.

"Pini imenichoma."

"Pini zote ziko kwenye stepla. Hebu nione."

Alimpandisha shati mwenyewe. Pembeni ya lile kovu la urefu wa kidole kulikuwa na uvimbe, kama kifungo cha koti kilichoshonewa upande wa ndani. Mwalimu akaubonyeza. Ulikuwa mgumu, na haukusogea.

"Hilo ni fundo la uzi," Fundi akasema, akaliteremsha shati. "Wameshona kwa ndani, wamefunga fundo, wakasahau kulikata fupi. Hata mimi huwa nawaachia wateja. Mtu akikaa upande, linamchoma, anafikiri ni mbao."

"Lina muda gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni lini?"

"Mwalimu, kidogo ni kidogo. Nishikie huo upande, kitambaa kinarudi."

Akamshikia. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine, kwamba alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili, akasikiliza stepla ikilia mpaka mwisho wa kiti, na akaridhika. Mumewe alikuwa amesema habari za nyuzi na mafundo, na katika mambo ya nyuzi na mafundo hakuwahi kumwona akikosea.

Aliyeharibu ule utulivu ni binti yao. Alikuwa msusi, anasimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu, na jioni akirudi anakaa chini na kunyoosha miguu kabla hata ya kusalimia. Jioni ile alikaa hivyo, akamtazama baba yake akisogeza sahani pembeni, nusu ya chakula iko pale pale.

"Baba, mkanda umeutoboa tena?"

"Mkanda umelegea. Ngozi siku hizi wanatengeneza ya hovyo."

"Ngozi ikilegea inaongezewa tundu moja. Hapo naona matatu."

Fundi akainama kuutazama mkanda wake kama ni wa mtu mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyatoboa yale matundu, kwa kifaa cha karakana, kila moja likiwa mahali pake sawasawa.

"Nauliza tu," binti akaendelea, "kliniki ya mwisho ulienda lini?"

"Kliniki ya nini?"

"Ya tumbo, Baba. Si uliambiwa uwe unarudi kupimwa?"

"Nani kaambiwa arudi? Mimi niliambiwa hautarudi. Muulize mama yako, nilimweleza siku ile ile."

Mwalimu alikuwa anasahihisha daftari kwenye kona ya meza. Kalamu nyekundu ikasimama. Ni kweli alielezwa. Mumewe aliingia mlangoni na mfuko wake wa nguo, akasema wamesema hautarudi, na yeye Mwalimu akakaa kwenye kochi akalia kwa furaha mpaka Redio akaja kuuliza kuna msiba gani. Lakini yeye alilia kwa ajili ya ugonjwa.

"Hautarudi nani?" akauliza taratibu.

"Mimi. Nimemaliza, nisirudi tena pale."

"Wewe ni hutarudi. Hu. Hau ni ugonjwa. Ugonjwa ndio hautarudi."

"Sasa unanifundisha ngeli, na mimi nakula."

"Huli. Umesogeza sahani. Ule wakati ulikuwa unavaa shati la pasi unasema unaenda mjini mara moja, ulikuwa unaenda wapi?"

"Kununua kitambaa."

"Kitambaa."

"Sikusema naenda hospitali, Mwalimu. Hukuniuliza."

Hakumuuliza, kweli. Alimpigia pasi lile shati mara nne au tano, akamwekea nauli na chupa ya maji, jioni akamuuliza wamesemaje, na Fundi akajibu mambo mazuri, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimepatikana kwa bei nzuri. Mwaka mzima watu wawili wamelala kitanda kimoja na neno moja, kila mmoja na maana yake.

"Watu wote wanasema hautarudi," Fundi akajitetea. "Wewe hautarudi, wewe hautaki, wewe haujui. Mitaani hakuna anayetenganisha. Au siyo, binti?"

"Hata mimi nasema hivyo," binti akajibu kwa sauti ndogo, kama aliyeitwa kutoa ushahidi asiopenda.

Mwalimu akaitazama daftari iliyokuwa mbele yake. Kosa hilo lilikuwa pale pale, ukurasa uliofunguliwa, limeshazungushiwa duara jekundu. Wewe haukufika shuleni jana. Miaka mingapi ameizungushia ile hau, akaandika hu juu yake, akawaeleza watoto kwamba mtu na ugonjwa havikanushwi kwa namna moja. Laiti yule nesi angeitaja saratani kwa jina, angesema haitarudi, na hata mlevi asingeelewa vibaya. Lakini alikuwa mpole, akaogopa kulitaja, na upole wake ndio umewafikisha hapa. Mwalimu akafunga daftari.

"Kesho asubuhi tunaenda," akasema.

"Kesho nina viti vya ukumbi."

"Viti havina tumbo."

Kwenye korido ya kliniki walikaa kwenye benchi lililopasuka kitambaa, na Fundi hakuacha kuichokonoa ile sponji iliyotokeza, kuirudisha ndani, na kuichokonoa tena. Karani wa mapokezi alikuwa na sauti iliyozoea umati. "Wale wa haja kubwa mstari huu," alitangaza, "wale wa mkojo subirini kule." Watu wakajigawa bila kutazamana. Katika mstari wa mkojo alisimama katibu wa ukumbi wa mikutano, mwenye viti vyake, amemleta mama yake mzee. Wakaonana na Fundi, wakasalimiana kwa vichwa. Mchana huo katibu akapiga simu. "Fundi, habari za toka asubuhi. Vile viti vitaisha, eh? Nauliza tu." Alikuwa hajawahi kuuliza.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika la binti yao, miwani imempandia kwenye nywele, anaitafuta mezani. Alipompata Fundi kwenye kompyuta alisoma mpaka mwisho.

"Mzee, tulikutegemea mwaka jana. Miezi mitatu baada ya upasuaji, kisha sita, na kuendelea. Kuna kipimo cha damu, kuna picha, kuna kamera. Hukuja hata kwa kimoja. Nini kilitokea?"

Fundi akamtazama mkewe. Mwalimu alikuwa amekuja na hotuba nzima kichwani, ameiandaa njia yote. Lakini aliyaona yale mabega ya mumewe yaliyoingia ndani ya shati, akasema jambo jingine.

"Tulielewana vibaya na nesi."

"Simu zetu?"

"Alibadilisha laini."

Daktari akamlaza Fundi kitandani, akaupapasa ule uvimbe, akapapasa na sehemu nyingine, akarudi kwenye uvimbe. Fundi akaona ni wakati wake wa kusaidia.

"Hilo ni fundo, daktari. Mlipofunga uzi."

"Uzi wa ndani tunaotumia unayeyuka, mzee. Huo ulishayeyuka zamani, ndani ya miezi michache tu."

"Unayeyuka?"

"Mwili unaula."

Fundi akajiinua kwa kiwiko, akamtazama. Maisha yake yote alikuwa anatafuta uzi usiokatika, na hawa watu wanashonea uzi wa kupotea. Kwa mara ya kwanza toka ule uvimbe uote, aliogopa waziwazi, na mkewe akamwona.

"Sasa kosa si lile la matundu?" akauliza, akikaa na kufunga mkanda. "Watu wanasema mngenifungua tumbo lote mkafagia vizuri. Kupitia tundu mtu anaonaje? Mimi kochi siwezi kulitengeneza kwa kuchungulia."

Daktari aliipata miwani yake. Swali lile alikuwa ameshalijibu mara nyingi, na alilijibu tena kwa uchovu, lakini bila dharau. "Kamera inaona kuliko macho yangu. Tungekufungua tumbo lote, tungekata kile kile tulichokata. Kwa wagonjwa kama wewe, ugonjwa kurudi haupishani sana, iwe matundu, iwe mpasuko mkubwa. Tundu dogo ni nafuu ya ngozi. Unalala hospitali siku chache, maumivu yanapungua, unarudi kazini mapema. Halikuahidi zaidi ya hapo. Wako ulikuwa umeshapenya ukuta wa utumbo, na mtu wa namna hiyo tunamfuata kwa karibu, hasa miaka miwili mitatu ya mwanzo, kwa sababu ukitaka kurudi, mara nyingi hurudi hapo. Ukiwahiwa, kuna cha kufanya. Watu wengi wanaona kovu dogo, wanajua ugonjwa nao ulikuwa mdogo."

"Ndivyo tulivyojua," Mwalimu akasema.

"Picha ya mashine mtapiga leo. Kamera ya kuingizwa utumboni ni Jumatatu. Jumapili mzee hatakula, atakunywa dawa hii ya kusafisha utumbo, yote, hata kama anachukia. Mna choo cha ndani?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Basi jipangeni," daktari akasema.

Choo kilikuwa kimoja kwa vyumba sita, mwisho wa ua, mlango wa bati wenye komeo la waya. Jumapili wapangaji wote wapo. Watu wanafua, wanasuka, wanatafuta mahali pa kukaa kwenye kivuli, na kila mmoja ana haki yake ya choo. Mwalimu alifikiria kuwaeleza, akashindwa apange maneno gani. Mwishowe alichukua kigoda, akachukua rundo la daftari na kalamu yake nyekundu, akaenda akakaa mbele ya mlango wa choo kama askari wa benki.

Fundi alikunywa jagi la kwanza akilaani. Ilikuwa na ladha ya chumvi iliyotiwa ndimu ya uongo. Jagi la pili alikuwa bado anatania, anasema sasa ameelewa kwa nini linaitwa tumbo la kuendesha. Baada ya hapo hakutania tena. Alikuwa anatoka chooni na kurudi kabla hajafika kizingiti cha chumba, mara moja hakuwahi, na Mwalimu akamfuata na ndoo na kitambaa, huku vijana wawili wa chumba cha tatu wakijifanya wanaangalia simu. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyevalisha makochi ya nusu ya mtaa, anatembea uani ameshika suruali kwa mkono. Mwisho akakata shauri kubaki mle mle chooni.

Watu walikuja, Mwalimu akawageuza. "Kina mtu," alisema, kalamu mkononi. "Nenda kwa jirani." Alisema kwa ile sauti ya darasani na watu wazima wakageuka. Aliendelea kusahihisha. Kwenye daftari ya tatu aligundua kuwa amempa mtoto alama zote bila kusoma.

"Mwalimu," sauti ikatoka nyuma ya bati.

"Niko hapa."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Maji yakamwagwa.

"Yule nesi nilimsikia vizuri."

Mwalimu akaiweka kalamu katikati ya daftari.

"Alikuwa anasema ugonjwa. Nilijua. Na kadi ilikuwa na tarehe, niliiona, nikaitia kwenye kopo la pini. Yule mzee wa kitanda cha pembeni yangu unamkumbuka? Aliyekuwa anachekesha wodi nzima. Alikuja kupimwa tu, mzima kabisa, anatania manesi. Wakampata nao tena. Wakamwambia asubuhi, na jioni alikuwa hawezi hata kugeuza shingo. Nikasema, basi, mimi nisiporudi nani ataniambia? Neno lilikuwa limekaa vizuri, linaweza kushika huku na huku. Nikalichukua upande wangu."

Mwalimu alikasirika. Alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika na mtu huyu katika miaka yote ya kumpikia, kumfulia na kucheka naye, na hasira haikuwa na pa kwenda, kwa sababu mwenyewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya bati, hana nguvu hata ya kusimama. Alitamani kuupiga teke ule mlango. Alitamani pia kuufungua, amshike kichwa.

"Na mimi?" akasema. "Mimi uliniachia nini?"

"Mwaka mmoja," Fundi akajibu. "Tumekaa vizuri mwaka mmoja, Mwalimu. Sema hatukukaa."

Walikaa vizuri, na hapo ndipo palipouma. Ulikuwa mwaka wa kuzima taa mapema na kuongea gizani, wa Fundi kumtengenezea kochi lake mwenyewe baada ya miaka mingi ya kuahidi, wa kwenda kumtembelea dada yake na kurudi kwa miguu wakicheka upuuzi. Mwalimu aliyapitia yote, moja moja, akaona yote yamekopwa kutoka mahali fulani, na hata hivyo hakuona hata moja la kurudisha.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungenipeleka."

"Ningekupeleka kwa kukuburuta."

"Najua. Ndiyo maana."

Hatua zilisikika nyuma. Redio alikuwa amesimama na ndoo ya maji mkononi, na kutoka pale aliposimama isingewezekana awe hajasikia. Mwalimu akamtazama kwa macho yaliyochoka, akisubiri. Redio akaiweka ile ndoo kando ya mlango, akatoa kitambaa safi begani akakiweka juu yake, akaondoka. Wiki nzima iliyofuata hakutangaza kitu, na mtaani walidhani anaumwa.

Siku ya majibu binti aliomba ruhusa kazini ili aje, lakini Mwalimu akamkatalia. Fundi alivaa lile shati la pasi. Njiani waliongea habari ya viti vya ukumbi, kwamba vimebaki saba, na kama mwili ukimruhusu atavimaliza kabla ya mwisho wa wiki, na kama haukumruhusu, kuna fundi mwingine mwaminifu anayeweza kuvimalizia.

Mwalimu hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameingiwa na jambo la kipuuzi, jambo la darasani, na halikumtoka. Alikuwa akiwaza kwamba mtu na ugonjwa wanatenganishwa wakati wa kukanusha tu. Hutarudi, hautarudi. Ukikubali, tofauti inakufa, wote wawili wanakuwa u. Watoto huwa wanamuuliza kwa nini, na yeye huwajibu kwamba lugha ndivyo ilivyo.

Daktari alikuwa na picha mbele yake, na karatasi ya damu, na majibu ya kamera. Aliwakaribisha viti. Hakuanza na hali ya hewa wala habari za nyumbani, na Mwalimu alimshukuru kwa hilo. Aliivua miwani, akamtazama Fundi.

"Umerudi," akasema.

Fundi akakaa na hilo neno. Aliligeuza kama anavyogeuza kiti juu ya meza, akitafuta mahali pa kushika, na mkewe aliona midomo yake ikilijaribu.

"Mimi," akauliza, "au wenyewe?"

Daktari alichukua muda kuelewa alichoulizwa. Alipoelewa hakutabasamu, ila uso wake ulilegea kidogo.

"Wote wawili, mzee."

Akaeleza, na Mwalimu akasikiliza kwa niaba ya wawili. Ule uvimbe wa kwenye kovu ni ugonjwa wenyewe, ni jambo la nadra lakini hutokea, na mtu akifunguliwa tumbo lote unaweza kumtokea vile vile kwenye kovu lake. Kuna sehemu nyingine ndogo ndani, karibu na ulipoungwa utumbo. Ini liko safi kwenye picha, mapafu yako safi. Watamkata tena, safari hii kwa mpasuko mkubwa, na baadaye atapewa dawa za dripu, ambazo zitamchosha sana. Mwaka jana ingekuwa kazi ndogo. Alisema hilo mara moja, bila kulirudia, na hakuna aliyehitaji alirudie. Kuhusu kupona hakuahidi. Alisema kuna cha kufanya, na kwamba wakianza wasikose hata siku moja.

"Sitakosa," Fundi akasema. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Nesi alijaza kadi mpya. Fundi alinyoosha mkono kuipokea kwa mazoea, kisha akausimamisha njiani, akaurudisha mapajani mwake. Mwalimu akaichukua, akaisoma tarehe kwa sauti, akamuuliza nesi kama ameisoma sawa, akaitia kwenye mfuko pamoja na daftari za watoto.

Walitoka taratibu. Kwenye benchi la korido Fundi aliomba wakae kidogo, na wakakaa pale pale penye kitambaa kilichopasuka. Alikuwa ametoka jasho jembamba. Mwalimu alimfuta kwa upande wa khanga, akamwachia mkono wake begani. Alikuwa bado ana hasira naye. Alijua atakuwa nayo kwa muda mrefu, atakwenda nayo wodini na kurudi nayo, na hakuna siku atakayokosa kwenda.

"Mwalimu."

"Naam."

"Mtoto akikuandikia hivyo kwenye daftari. Umerudi, basi, hajaongeza kitu. Utamsahihishaje?"

Mwalimu alifikiri, kwa sababu aliulizwa kwa dhati. Mbele yao karani alikuwa anatangaza mistari yake, watu wanajigawa.

"Ningempa tiki," akasema. "Halina kosa."